Soksi za merino kwa wanaopanda Kili: nimezivaa kuanzia matope ya Machame mpaka kilele cha Uhuru, haya ndo niliyoyaona

Wadau wa mlimani habari zenu. Msimu wa mwezi wa sita ukikaribia watu wanaanza kuulizana vifaa, na swali linalojirudia kuliko yote ni la soksi, hasa hizi za merino, yani sufu laini ya kondoo wa merino, ambazo wageni wanakuja nazo na wengi wetu tunaishia kuziona miguuni kwao tu. Je zina maana au ni mbwembwe? Nimezivaa vya kutosha, njia ya Machame na ya Lemosho, mvua na kiangazi, kwaiyo naandika nilichokiona kwa miguu yangu. Kwa mwenye haraka jibu ni kwamba zina maana kubwa sana, ila usikimbilie zile nene ambazo kila mtu anaziulizia. Ya unene wa kati ndo soksi ya kazi, ile nene ni ya usiku mmoja tu.

Mimi naongoza wageni, na nilianzia kwenye upagazi kama wengi wetu. Nalisema hili kwa sababu miguu ya mpagazi na miguu ya muongozaji haipati shida moja. Mpagazi ana kilo 20 za kampuni na begi lake mwenyewe juu yake, anakimbiza awahi kempu asimamishe mahema kabla wageni hawajafika, anatoka jasho la kufa mtu, afu akifika anasimama kwenye upepo na soksi iliyolowa. Muongozaji yeye anafuata mwendo wa mgeni, pole pole, jasho halimtoki sana lakini miguu nayo haipati nafasi ya kuchemka. Soksi ya mlimani inabidi iwasaidie hawa wote wawili, na hapo ndo soksi nyingi zinafeli.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni hili. Kutoka geti la Machame kwenda kempu ya kwanza ni msitu wa mvua, unaanza kama mita 1,800 na unapanda siku nzima, na ikinyesha matope yanaingia mpaka kwenye buti la shingo ndefu. Nikavaa mguu wa kulia merino ya unene wa kati, wa kushoto soksi ya pamba ya kawaida ya sokoni, zote mpya, buti zilezile nilizozizoea. Mvua ikatukuta njiani. Kufika kempu nikavua nikaangalia, na soksi zote mbili zilikua zimelowa, hapo mtu asikudanganye kwamba merino hailowi, inalowa vizuri tu. Tofauti ilikua kwenye ngozi. Kisigino cha kushoto kimekunjamana kimekua cheupe na laini, ile hali ambayo ukiongeza saa moja ya kutembea lengelenge linapanda, na soksi yenyewe imeteleza imejikusanya chini ya unyayo. Mguu wa kulia ngozi ina unyevu lakini nzima, soksi iko palepale nilipoivaa. Nikazirudisha makusudi, nikakaa nazo hivohivo kwenye tenti la jiko jua lilipozama, na kabla sijamaliza kikombe cha chai mguu wa pamba ulishakua wa baridi mpaka nausugua kwa mikono wakati ule wa merino bado una uvuguvugu wake.

Sababu iko kwenye unywele wa kondoo wenyewe. Sufu inaweza kumeza mvuke mpaka kama theluthi ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi umevaa kitu kimelowa, na wakati inameza huo unyevu inatoa joto kidogo, afu unywele wenyewe umejikunja kunja kwaiyo hata ukilowa haulali chini, bado kuna hewa imebaki katikati, na hewa iliyotulia ndo inayotunza joto. Pamba ikilowa inalala, inagandamana na ngozi, hewa inaisha, baridi ya buti inakuja moja kwa moja. Na hii merino tofauti yake na yale masweta ya sufu ya zamani yanayowasha ni wembamba. Unywele wa merino nzuri uko chini ya maikroni 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wa kwako wewe kichwani ni kama 70, na ile sufu nene ya maikroni 30 kwenda juu ndo ncha zake zinachoma ngozi. Ndo maana unaweza kuivaa bila kitu chini yake na usijikune.

Harufu pia. Watu wa tenti moja la wapagazi mnaelewa nnachosema. Soksi ya nailoni au poliesta siku ya pili tu haivumiliki humo ndani, merino nimeivaa kutoka kempu ya Shira kupita Lava Tower kushuka kempu ya Barranco bila kuifua na bado mtu angeweza kuishika. Harufu ipo lakini kidogo, na ukiianika kwenye upepo usiku inapungua sana. Kwa mtu anaebeba begi lake mwenyewe juu ya mzigo wa kampuni hilo ni jambo kubwa, maana unabeba pea chache.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe.

Kempu ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, iko mita 4,673, mnaamka kama saa tano usiku, mnaanza kupanda kwenye saa sita hivi, na mpaka Stella Point, pale kwenye ukingo wa kreta, mita 5,756 ni masaa mengi ya giza, mchanga, mawe na upepo. Hapo juu nyuzi kumi chini ya sifuri ni kawaida, na kuna siku inashuka zaidi ya hapo, tena upepo ukiwepo ndo balaa. Hewa ya kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895 ina oksijeni kama nusu ya ile ya pwani, mwili ukiwa kwenye baridi na shida ya hewa damu unaipeleka kwanza kwenye moyo na ubongo, vidole vya miguu vinakua vya mwisho kufikiriwa. Mpagazi mwenzangu unaweza kusema mbona mimi nimepanda na soksi mbili za pamba na nikarudi. Umerudi ndio, lakini mgeni wako anasimama kila hatua kumi, anatapika, anakaa chini analia, na wewe umesimama nae unamtia moyo, hutembei, na kusimama huko ndo kunakoua vidole. Baridi mbaya zaidi ni ile ya kabla ya jua kutoka, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro, watu wengi wako karibu na Stella hapo, wamechoka, hawali, hawanywi, na ndo saa ambayo utajua kama soksi yako ilikua na maana.

Nilichokiona ni kwamba merino nene ikiwa kavu kabisa wakati wa kuondoka inakufikisha mpaka jua linatoka na vidole bado unavihisi. Neno kubwa hapo ni kavu. Soksi uliyotembea nayo mchana kutoka kempu ya Karanga kuja Barafu ina jasho lako hata kama ukiishika unaona imekauka, na jasho lile saa tisa usiku ndo linageuka baridi. Kwaiyo ile pea ya samiti, ya usiku wa kwenda kileleni, inakaa kwenye mfuko wa nailoni tangu Moshi, haivaliwi, haiazimwi, haiguswi mpaka usiku ule, na unaivaa dakika za mwisho kabla ya kufunga buti, usilale nayo maana mguu unatoka jasho hata ndani ya begi la kulalia. Wageni wangu wote nawaambia hivo na nasimamia mwenyewe. Mgeni akija na merino ya bei mbaya afu akaivaa tangu siku ya kwanza, faida yote ameiacha njiani.

Na hapa ndo nataka nikazie kuhusu unene, maana ndo watu wanapoteza hela. Soksi nene kwenye buti lisilo na nafasi inaleta baridi kuliko soksi nyembamba. Ukiibana miguu damu haipiti, na hakuna sufu duniani itakayopasha mguu usiopata damu, soksi kazi yake ni kutunza joto ambalo damu imelileta. Jipime hivi: vaa soksi nene, funga buti kama unavofunga siku zote, simama, cheza na vidole vyote vitano. Kama havichezi kwa uhuru basi rudi kwenye ya unene wa kati, utapata joto zaidi. Kuvaa pea mbili tatu juu kwa juu ni kosa hilohilo, tena inaongeza mikunjo, na mkunjo unazaa lengelenge. Nimeona vijana wamevaa soksi tatu za pamba na vidole vimekufa ganzi tangu kempu ya juu, wakipunguza mpaka moja wanaanza kuhisi vidole vinarudi.

Sasa majina. Pea yangu ya kazi ni Darn Tough ya unene wa kati, hizi zinafumwa Northfield, jimbo la Vermont kule Marekani, nilipewa na mgeni. Ufumaji wake umebana sana, nyuzi ndogo ndogo nyingi, na ndo maana haitelezi ndani ya buti hata kwenye kushuka. Na kushuka kwetu mnakujua, kutoka Uhuru mpaka kempu ya Mweka iliyoko kama mita 3,100 ni siku hiyohiyo, karibu mita 2,800 za kushuka vidole vinagonga mbele ya buti kila hatua, vumbi lote linaingia. Kisigino na ncha ya vidole kumefumwa kwa vitanzi vya nyuzi kwa ndani vinavyonyonya ule mgongano, na pea hii imepita misimu bila tundu. Kampuni wanatoa dhamana ya maisha yote, ikitoboka wanakupa nyingine, ila mimi kwenye hesabu zangu siiweki hiyo dhamana, kurusha soksi kutoka Moshi mpaka Marekani ni gharama, mimi naipendea ufumaji.

Pea ya usiku ni Smartwool nene, kampuni ya Colorado iliyoanza 1994, hii nayo ni zawadi ya mgeni. Laini, inapanda mpaka karibu na goti, inakaa vizuri chini ya gaita (ile kinga ya kitambaa juu ya buti), na joto lake nalikubali kwa asilimia zote. Mchana wa kubeba mzigo siivai kabisa, na hili ni la soksi zote nene sio hii tu, mguu unachemka, unatoka jasho, na ikishalowa kukauka ni shughuli. Kwenye tenti la Shira usiku mmoja soksi nene haikauki, ile ya kati ukiibana vizuri kwenye taulo ukailaza kifuani ndani ya begi la kulalia asubuhi inavalika.

Kuna pea nyingine jina lake silitaji ambayo iliandikwa merino karibu yote, nailoni kiduchu. Laini kuliko zote nilizowahi kuvaa, lakini kisigino kikawa chepesi mapema sana, unaona ngozi. Hapo nikaelewa kwamba asilimia kubwa ya merino kwenye lebo sio sifa ya kuikimbilia. Kwa kazi yetu tafuta iliyochanganywa, merino kama 60 hivi, nailoni 30 na kitu, na uzi wa kuvutika kidogo. Merino inaleta joto na kuzuia harufu, nailoni inashikilia isitoboke.

Zile soksi nyembamba za kuvaa chini ya soksi nyingine, wageni wengi wanakuja nazo. Mimi sioni kazi yake ukiwa na merino inayokukaa vizuri, isipokua mtu mwenye historia ya malengelenge, huyo zinamsaidia kwa kuwa msuguano unabaki kati ya soksi na soksi, ngozi inapona.

Bei. Mpya kwa Marekani pea moja inaenda kwenye dola 25 mpaka 30, na bado haijafika huku. Hiyo ni hela kwa mtu anaelipwa kwa siku, siwezi kumwambia mpagazi aende akaagize. Lakini soko la Memorial pale Moshi soksi za mlimani zipo, mitumba mizuri inashuka, shida ni kwamba muuzaji anazichanganya zote kwenye fungu moja na kila nene anakuitia sufu. Nyingi ni akriliki. Lebo hua imeshatoka, kwaiyo jifunze kupima. Vuta uzi mmoja mdogo wa ndani kwenye ncha ya soksi, umwombe muuzaji kwanza, toka pembeni uchome kwa kiberiti. Sufu inaungua kwa kusuasua, ukitoa moto inazima yenyewe, inanuka nywele zilizoungua na majivu yake ukiyaminya yanasagika. Akriliki na nailoni zinayeyuka zinabaki kidonge kigumu. Pamba inawaka kama karatasi na inanuka karatasi. Kwenye soksi iliyochanganywa utapata vyote viwili, harufu ya nywele na kidonge kidogo, hiyo chukua, ndo tunayoitaka.

Baada ya hapo ingiza mkono ndani ya soksi uinyanyue kwenye jua uangalie kisigino na chini ya vidole, kama mwanga unapita kama kwenye chekeche achana nayo hata kwa buku. Vuta shingo ya soksi uone inarudi au imelegea. Na ikague kama imeshasinyaa na kukakamaa, hiyo ilifuliwa kwa maji ya moto na mwenyewe wa kwanza, haiwezi kurudi. Pea nzima, safi, ya unene wa kati, hata muuzaji akikupandishia bei kidogo kwa kuona umeijua, ichukue, itafanya kazi kuliko dazeni ya pamba.

Kwa vijana wanaoanza ambao hata hela ya mtumba haijapatikana, KPAP (mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro) pale Moshi wanaazimisha wapagazi nguo za mlimani bila malipo, nenda kabla ya safari usisubiri asubuhi ya geti. Na nyie wageni mnaosoma Kiswahili, wabongo wenzetu wa Dar na Arusha mnaokuja kupanda kwenye sikukuu ya Uhuru mwezi wa kumi na mbili, mwezi ule mvua inaweza kuwakuta msituni na juu kukawa na theluji kwenye safari moja, msije na soksi za mpira wa miguu au za shule. Pea mbili za kati za kubadilishana mchana na moja nene ya usiku inatosha safari nzima. Ukiondoka na msaidizi wako amekubebea mzigo siku saba, ile pea ya samiti ukimwachia umempa kitu atakachokitumia, sio lazima ila sisi tunajua thamani yake.

Kufua ndo watu wanaua hizi soksi. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, ukiuweka kwenye maji ya moto na kuufikicha magamba yanashikana na soksi inasinyaa mpaka inamtosha mtoto. Maji ya baridi au vuguvugu, igeuze ndani nje, sabuni kidogo ya kipande, ile ya unga yenye vimeng'enya vya kutoa madoa usiitumie maana inakula sufu yenyewe kama inavyokula doa la damu, Jik ndo usiikaribishe kabisa. Usiinyonge, ikunje ndani ya taulo uibane, anika kivulini. Sio juu ya jiko la gesi, naona watu wanafanya hivo kempu, nailoni inaungua na sufu inakakamaa, na moto wa jiko ndani ya tenti ni hatari nyingine kabisa. Msimu ukiisha zifue kabla ya kuziweka, nondo wanapenda sufu yenye jasho, wakiingia utakuta matundu madogo madogo mwezi wa sita na lawama utampa aliekuuzia.

Kitu cha mwisho kwa anaenunua buti na soksi kwa pamoja: anza na soksi. Nenda nayo Memorial mfukoni, vaa ile nene, jaribu buti jioni baada ya kutembea mchana maana mguu wa jioni umevimba kidogo kama unavyovimba mlimani, simama kwenye mteremko au kanyaga ngazi ukielekea chini, na kama kidole gumba kinagusa mbele mwambie akuletee namba inayofuata.